Siku ya Kiswahili Niliyoiadhimisha Jikoni



Tarehe 7 Julai ni siku yetu. UNESCO iliitangaza mwezi Novemba 2021 kuwa Siku ya Kiswahili Duniani, na kwetu Tanzania tarehe hiyo ilikuwa na uzito wake tangu zamani, kwa kuwa ndiyo siku iliyozaliwa TANU mwaka 1954. Kila inapofika, husomwa mada, hughanwa mashairi, na wakubwa hutukumbusha kwamba lugha hii imevuka mipaka. Hayo ni mema, nami nimeyashiriki mara kadhaa nikiwa nimevaa koti la shughuli. Mwaka 2025, hata hivyo, Saba Saba iliangukia Jumatatu, nami sikwenda kwenye kongamano lolote. Nilikuwa nyumbani Tanga, na siku zilizoitangulia sikukuu hiyo nilizipitisha jikoni pamoja na mke wangu aliyekuja kunitembelea.

Msomaji asilishangae neno “kunitembelea”. Mke wangu ni mtumishi wa umma. Tuliishi pamoja Dar es Salaam kwa miaka mingi, mimi nikifundisha Kiswahili katika shule za sekondari, yeye akiwa ofisini. Serikali ilipohamishia shughuli zake Dodoma, naye alihama na wizara yake mwaka 2017. Mimi nilibaki na darasa langu hadi nilipostaafu mwaka 2020, nikiwa na umri wa miaka 60, kisha nikarudi Tanga kwenye nyumba tuliyoijenga kidogo kidogo kwa mishahara miwili. Yeye atafikisha umri huo mwaka 2026. Kwa hiyo kwa miaka minane ndoa yetu imekuwa ya likizo na sikukuu: mara yeye huja, mara mimi huenda, na baina ya safari na safari iko simu.

Kila jioni simu hiyo ina mazungumzo yake yasiyobadilika. “Umekula?” “Nimekula. Wewe je?” “Na mimi nimekula.” Kisha tunaulizana habari za watoto, tunaagana. Swali hilo ni la upendo, wala silidharau. Lakini aliyewahi kufundisha sarufi hawezi kukosa kuona kwamba hapo pana kitenzi elekezi kilichoachwa bila yambwa. Kimeliwa nini? Kimepikwaje? Kimepikwa na nani? Kitenzi kimoja kimefunika vitenzi ishirini, na chini ya kifuniko hicho mtu anaweza kuficha mengi.

Alifika Ijumaa wakati wa magharibi. Safari ya basi kutoka Dodoma hupitia Morogoro na Chalinze, kisha hukunja Segera kuelekea Muheza, na abiria aliyeondoka alfajiri hushuka Tanga kiuno kimekuwa ubao. Nilimwandalia chai ya mchaichai na sahani ya muhogo. Akachukua kipande, akakipuliza, akasema, “Ahsante, Mwalimu. Leo umenipwazia muhogo.”

Neno hilo lilinisimamisha na birika mkononi. Sikumbuki mara ya mwisho nilipolisikia likitamkwa na mtu asiyekuwa darasani. Hotelini husemwa “muhogo wa kuchemsha”, nami mwenyewe, kwa kukaa peke yangu, nilikuwa nimekwisha kuzoea kuchemsha kila kitu. Lakini kuchemsha ni kwa kila kitu: maji huchemshwa, maziwa huchemshwa, hata nguo za mtoto mchanga huchemshwa. Kupwaza kuna mipaka yake. Ni kwa muhogo, viazi, ndizi, maboga, vitu vinavyoiva kwa maji na chumvi bila ya kuungwa kwa nazi wala mafuta. Anayesema “nimepwaza” amekwisha kumwambia mwenzake kuwa hakuna mchuzi, kwa hiyo atafute chachandu. Neno moja limeleta habari ya chungu kizima.

Jumamosi asubuhi tulikwenda soko la samaki la Deep Sea. Kusi ilikuwa inavuma, bahari haikuwa na huruma kwa ngalawa, na samaki waliopatikana walikuwa wachache na wa bei. Tulipata changu wawili wa kadiri. Nyumbani tukagawana kazi bila ya kikao. Yeye alikaa kwenye kigoda uani na kisu chake. Mimi nikaikalia mbuzi nikakuna nazi. Jirani aliyepita akacheka kuona mwanamume mwenye mvi juu ya mbuzi. Nikamwambia kuwa mbuzi huyu hali majani, hula muda tu.

Hapo ndipo nilipoanza kusikiliza. Mke wangu hakuwa akisema kwa ajili ya kunifurahisha mimi niliyezeeka na kamusi mkononi. Alikuwa akifanya kazi, na maneno yalimtoka kama yalivyomtoka mama yake huko Pangani. Samaki alimpaa magamba kwanza. Kisha akamtumbua, akamwosha kwa ndimu na chumvi. Kisha akamchanja ubavuni, mistari mitatu kila upande, ili viungo viingie. Kupaa, kutumbua, kuchanja: vitenzi vitatu kwa kisu kimoja, na kila kimoja kina kina chake. Kupaa hakugusi nyama. Kuchanja hugusa nyama, hakufiki mfupani. Kutumbua huingia ndani kabisa. Mpishi chipukizi akiambiwa “mkate samaki” ataharibu. Akiambiwa “mchanje”, atajua pa kusimamisha kisu.

Upande wangu nako hakukuwa kimya. Machicha niliyatia maji kidogo, nikayakamua kwa kifumbu nilichorithi, nikapata kasimile, lile tui zito la kwanza, nikaliweka kando. Nikatia maji tena, nikakamua tui jepesi la kupikia wali. Wali ulipokauka maji, niliufunika, nikachota makaa nikaupalia juu ya kifuniko. Samaki nao walibanikwa, na walipokaribia kuiva wakapakwa kasimile iliyochemshwa na ukwaju, bizari na pilipili, wakarudishwa kwenye makaa, wakapakwa tena. Ndiyo maana tunawaita samaki wa kupaka: jina la chakula ni kitenzi chake. Alipokuwa akiuandaa mchuzi huo wa kupaka, aliniambia, “Fumbua kiganja,” akanidondoshea tone. “Umekolea?”

Enyi washairi, litazameni neno hilo. Kukolea si chumvi kuwa nyingi, wala si kuwa kidogo. Ni pale kitu kilipoingia katika kitu kingine kikakaa mahali pake. Chumvi hukolea, rangi hukolea, usingizi hukolea, mapenzi hukolea. Nimeshuhudia vijana wakilitumia katika beti za mahaba bila ya kujua kuwa lina moshi wa jikoni. Vivyo hivyo kuiva: twasema mwanafunzi ameiva. Na wabaya wetu hutupikia majungu. Sehemu kubwa ya istiari zetu ilianzia kwenye moto, na anayetaka kuzitumia kwa nguvu yake hana budi kujua moto wenyewe unavyofanya kazi.

Lakini nisiwafanye wasomaji waamini kuwa siku ile ilikuwa sukari tupu. Wakati wa kutia chumvi, mke wangu alifungua kabati la kwanza, hakuiona. Akafungua la pili. Mara ya tatu akageuka akaniuliza, “Mwalimu, chumvi unaiweka wapi?” Nikamwonyesha. Baadaye akatafuta upawa, nao nikamwonyesha. Wali ulipokuwa tayari akaunyoshea mkono, nami nilikuwa nimekwisha kuuepua. Hakusema neno. Tulikula vizuri, tukagawana ukoko, na samaki hakubaki ila miba.

Jioni, tumekaa barazani, akasema kwa sauti ya mzaha, “Naona jiko hili limekuwa mke mwenzangu.”

Nilicheka, kisha nikaacha kucheka. Siku hizi neno “mwenza” limevaa nguo mpya. Katika mabango ya zahanati tunaambiwa tuje na wenza wetu, maana yake mume au mke. Lakini masikio ya watu wa umri wetu bado husikia ndani yake mke mwenza, yule mwanamke mwingine mnayegawana naye nyumba. Mke wangu alilichagua neno lake kwa makusudi. Akaendelea bila ya mzaha sasa: “Mwakani nikirudi moja kwa moja, jiko hili litakuwa la nani? Nami nitakuwa mgeni wa kuuliza chumvi iko wapi?”

Swali hili halina jibu jepesi, na nadhani wastaafu wengi wanalijua hata kama hawalitamki. Watu wawili waliopendana kwa mbali kwa miaka minane wamejenga, kila mmoja, nyumba yake ya mazoea. Mimi nina saa yangu ya kukuna nazi. Yeye ana namna yake ya kunywa chai akiwa amesimama dirishani. Mshahara unapokoma na mizigo ikateremshwa, si lazima mazoea hayo yapendane. Sikumjibu usiku ule. Nilimwambia tu, “Kesho nipikie chakula cha Dodoma.”

Alikuwa amekuja na zabibu, karanga, na mfuko wa mlenda uliokaushwa ukatwangwa. Jumapili tukakubaliana kuwa yeye atapika mlenda, nami nitasonga bada, ule ugali wa muhogo ambao mtu wa Tanga akiukosa kwa muda hujihisi yuko ugenini. Nikasema nimekwisha kuinjika sufuria ya maji. Akasema, “Kwetu huteleka.” Tukabishana kidogo, ubishi wa furaha. Bibi yangu huko Muheza aliinjika, mama yake huko Pangani aliteleka, na vyungu vyote viwili viliiva. Niliteremsha Kamusi ya Kiswahili Sanifu, toleo la mwaka 1981 nililolinunua ningali mwalimu kijana, tukakuta yote mawili yamo, kila moja mahali pake. Kamusi ni ghala zuri, inatunza nafaka isiliwe na wadudu. Lakini mchele ulio ghalani haujawa wali.

Nikamwuliza, kwa hakika kwa mara ya kwanza, alijifunzia wapi kupika mlenda. Alikuwa akiupekecha, viganja viwili vikizungusha kijiti cha upekecho ndani ya chungu, na hakuinua macho.

“Kwa jirani,” akasema. “Mwaka ule wa kwanza. Nilikuwa nikirudi kazini, nyumba imenuna, sioni sababu ya kuwasha moto kwa ajili ya mtu mmoja. Nakunywa chai na mkate. Siku nyingine mkate peke yake. Jirani akaona jikoni kwangu hapafuki kitu wiki nzima. Akaja na kibakuli cha mlenda, akasema, kesho njoo nikufundishe.”

“Mbona kila jioni uliniambia umekula?”

“Nilikuwa nimekula. Mkate si chakula?”

Tukanyamaza. Maji yangu yakachemka, nikatia unga, nikaanza kusonga. Nami nikamweleza miezi yangu ya mwanzo Tanga: sufuria ya maharage iliyopikwa Jumapili na kuliwa hadi Jumatano, redio ikiwa imewekwa juu ya meza mahali pa mtu. Nilimweleza pia kwa nini nilijifunza kukamua tui mwenyewe. Harufu ya nazi ikichemka jikoni ilifanya nyumba ionekane ina watu. Hayo yote hayakuwahi kupita katika simu. Hayakuwa siri; yalikosa kitenzi cha kupandia. Ukimwuliza mtu “Umekula?” atakujibu ndiyo au la. Ukimwuliza “Umepika nini, na umekipikaje?” hana budi kukusimulia siku yake.

Alipotia karanga zilizotwangwa kwenye mlenda, alinipa nionje. Nami, bada ilipokuwa imeshikana, nikampa mwiko aupime uzito wake. Na mwiko, wasomaji wangu, ni neno la ajabu. Sisi walimu twausia miiko ya kazi, yaani yale yasiyotendwa. Na mpishi hushika mwiko, chombo ambacho bila yake hakuna kitendwacho. Neno moja hukataza na kuruhusu. Akausonga mara mbili tatu, akasema umeiva, akanirudishia.

“Kuhusu lile swali la jana,” nikamwambia, “wazee walisema jifya moja haliinjiki chungu.”

“Mafiga ni matatu,” akajibu. “Sisi ni wawili.”

“La tatu litakuwa nini?”

Alifikiri kidogo. “La tatu ni kuulizana.”

Mtu aliyelelewa mjini anaweza kudhani kuwa mafiga ni tamathali tu. La. Ni mawe halisi, na mawe mawili kweli hayasimamishi chungu. Kitaanguka kwa upande usio na jiwe. Tangu hapo sijaona sharti la ndoa ya uzeeni lililo wazi kuliko hilo. Tulipomaliza kula, tuliiondoa chumvi kabatini tukaiweka kwenye kizingiti cha dirisha, mahali ambapo si pake wala si pangu, na panapofikiwa na mkono wa yeyote.

Nakiri kuwa vitenzi vingi nilivyovitaja hapa vinaondoka pamoja na vyombo vyake. Mwezi Mei 2024 Serikali ilizindua mkakati wa nishati safi ya kupikia, unaolenga asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati hiyo ifikapo mwaka 2034. Naunga mkono. Nilimwona bibi yangu akifuta machozi ya moshi hadi macho yakafifia, na misitu yetu haiwezi kutulisha makaa milele. Mimi mwenyewe hupika kwa gesi siku za kawaida, na jiko la mkaa nalitoa kwa ajili ya wali wa wageni. Juu ya gesi hakuna kupalia. Kuchochea kunabaki kwa wachochezi, na mafiga yatabaki katika methali. Silii kwa ajili ya moshi. Ninachosema ni kwamba kupaa, kuchanja, kupwaza, kuunga, kupekecha, kuepua na kukolea havihitaji kuni. Vinahitaji watu wawili wanaopika mahali pamoja, mmoja akimwambia mwenzake afanye nini na aishie wapi. Neno la jikoni huishi kwa kuamriwa na kuitikiwa. Anayepika peke yake hahitaji kumwambia mtu “epua”. Huepua tu, na neno linabaki mdomoni mpaka linasahaulika.

Kwa hiyo nikiambiwa nipendekeze namna ya kuiadhimisha Siku ya Kiswahili, pamoja na makongamano, nitasema: mwite mtu jikoni. Awe mke, mume, mjukuu au rafiki. Usimpe mada. Mpe kisu, ungo au kifumbu, kisha mwambie la kufanya kwa jina lake halisi. Watoto wa siku hizi hawakatai maneno haya. Hawajaambiwa tu wakiwa na kitu mkononi.

Saba Saba yenyewe, alfajiri, nilimsindikiza kituoni akiwa na chupa ya chai na kifurushi cha vitumbua. Wakati basi lilipokuwa njiani kuelekea Segera nilimtumia ubeti huu kwa simu. Si wa mashindano, na wajuzi wa arudhi watanisamehe:

Chungu tumekiinjika, na moto tumepalia,
Harufu imetufika, mezani twasubiria,
Mwiko haukuvunjika, sote tunaushikia,
Jifya moja halipiki, wawili ndio wapishi.

Alinijibu kwa nathari: “Kina cha mstari wa mwisho kimekukimbia, lakini chakula kilikolea.” Nikamwandikia kuwa kituo kina ruhusa ya kuwa na vina vyake. Hajakubali hadi leo, na jioni hizi tunaendelea kubishania hilo baada ya yeye kuniambia amepika nini na amekipikaje.

Nawaachieni kazi ndogo. Ule wali ulioshika chini ya sufuria, sisi hapa tunauita ukoko, na ulioganda ubavuni ni matandu. Kwenu mwauitaje, na nani hupewa? Andikeni. Na kama kuna neno la jikoni ambalo mlilisikia kwa bibi na hamjalisikia tena, lileteni pamoja na kitendo chake, ili msomaji mwingine aweze kulipika.